Kitovu cha O

Tarehe 12 Februari

Mpwa wangu Kidoti,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia tu. Barua yako ya kuomba herufi imenifikia kwa mkono wa Mama Vifungo, yule fundi cherehani jirani yangu. Nilipoisoma nilicheka mpaka akaja kugonga ukuta kuuliza kama nimepaliwa. Ofisi nzima ya watu wenye shahada, wenye kompyuta pana kama meza ya hotelini, inamwomba herufi mtu aliyeishia darasa la sita. Mama Vifungo ndiye aliyeshangaa. Mimi nilikuwa nawasubiri.

Haya, zimo ndani ya bomba hili, kwenye karatasi za kaki, kubwa na ndogo, nene zote, hakuna hata moja iliyofunga mkanda. Wewe unazijua tangu ulipokuwa unakaa mabegani kwangu unaniwekea nukta juu ya i, nikakuita Kidoti na jina likagoma kutoka. K inarusha teke kama zamani. S bado imelala na kushiba. Q na X nimezitunga juzi, maana katika maisha yangu yote hakuna mteja aliyewahi kuzihitaji. Q nimeifanya O iliyokanyagwa mkia.

Waambie hao wakubwa zako kwamba herufi hizi zimewahi kusimamisha treni. Nilipaka ukuta wa duka la viatu kando ya reli, na dereva akapunguza mwendo ili amalize kusoma. Alipofika kwenye T ya mwisho treni ilikuwa imesimama kabisa. Abiria wakateremka, wakanunua viatu, wakapanda tena. Mwenye duka hakulala wiki nzima kwa kuhesabu pea zisizofanana miguu.

Umeuliza afya. Chuma hakiulizwi afya. Siku hizi kazi nafanyia juu, chumbani kwangu, ghorofa ya nne katika jengo nililohamia mwaka jana. Mtu akifika cheo fulani hashuki, kazi ndiyo hupanda. Mama Vifungo ananipandishia vibao, navipaka hapa dirishani penye mwanga, vinashuka. Kiti changu nimekiweka upande wa kushoto wa dirisha, na kutoka hapo dunia yote ni yangu: kinyozi, duka la dawa, mtengeneza redio, na yule mama anayeanika godoro lake kila asubuhi kama bendera. Hapa mtaani hakuna anayechumbiwa bila mimi kujua kabla ya mama mkwe.

Usichelewe kuandika, na uandike kwa mkono. Mwandiko wako unazidi kukonda. Unakula?

Mjomba wako,
Bingwa wa Herufi Nene


Tarehe 1 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakula.

Bomba lilipofika niliziviringua karatasi juu ya meza ndefu, na watu wote wakaacha viti vyao. Hicho ni kitu cha ajabu humu ndani, kwa sababu hatuachi viti. Tuko ghorofa ya nane, nyuma ya kioo kimoja kikubwa ambacho hakifunguki, mashine ya baridi inanguruma juu ya vichwa vyetu, na kila mtu amevaa sweta wakati chini watu wanajipepea kwa magazeti. Mkuu wa chumba alizitazama herufi zako muda mrefu, halafu akasema neno moja: Kiboko. Ndilo jina la fonti sasa, yaani la herufi zako zote pamoja. Nilijua lingekupendeza.

Nimekuwa nikizichora upya kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Nikifika kwenye pindo la S nakumbuka harufu ya mafuta ya taa uliyokuwa unaoshea brashi. Lakini ni lazima nikuambie yanayonikwama kooni, maana ukiyagundua mwenyewe utanikana.

La kwanza, karatasi niliyosaini nilipoajiriwa inasema kila kinachotoka chumba hiki ni cha chumba hiki. Jina lako halitaandikwa popote. Langu pia.

La pili, mkuu ameamuru tuvizibe vitovu. Yale matundu ya ndani ya O, P, B na a, ambayo wewe unayaita vitovu, yote yamejazwa. Anasema fonti ya utani siku hizi ni ile iliyojaa kabisa, kama udongo uliofinyangwa. Nilibisha. Aliniambia niketi, na nilikuwa nimeketi tayari.

Kampuni ya sabuni ya unga imeshainunua. Mwezi wa nne mwisho watatundika bango kubwa katika mji wenu, kwenye jengo linalotazama soko. Neno moja tu, POVU, kwa herufi zako, ghorofa hadi ghorofa. Nenda ukalitazame, Mjomba, halafu uniambie ukweli wako wote.

Kidoti


Tarehe 9 Machi

Kidoti,

Hilo la jina nimelimeza. Ng'ombe haandiki jina lake kwenye maziwa. Na Kiboko ni jina la heshima, ingawa Bingwa lingetosha vilevile.

Lakini vitovu? Huyo mkuu wako alizaliwa au alifinyangwa? Mwambie hivi, na umwambie kwa sauti ya mjomba wako. Herufi nyembamba inaweza kuishi bila adabu. Herufi nene inapumulia kitovuni. Mimi nikipaka O, sianzi na tumbo. Wanagenzi huanza na tumbo, halafu wanazungukazunguka kutafuta pa kutoboa. Mimi naweka kitovu kwanza, kidogo, kama jicho la kuku, halafu najenga tumbo kukizunguka, nikinenepesha pole pole mpaka mtu aogope kwamba kitaziba. Hiyo hofu ndiyo utani wenyewe. Ukikiziba, hofu imekwisha, na utani umekwisha. Unabaki na sinia.

Niliwahi kumwajiri mpakaji mmoja mvivu akaziba vitovu vyote kwenye ukuta wa duka la barafu tamu. Watoto wakawa wanapita bila kutazama. Mwenye duka akaniita analia, barafu imeyeyuka mpaka barabarani na wazee wanateleza. Nikapanda na brashi ndogo, nikatoboa kitovu kimoja tu, cha herufi ya kwanza. Kabla sijashuka, foleni ilikuwa imefika kituo cha polisi.

Na uwafundishe pia mahali pa kuitumia hiyo Kiboko. Herufi nene ni za vinyozi, viatu vya watoto, sarakasi, peremende, magodoro na sabuni, hapo hawajakosea. Si za hospitali. Si za mahakama. Fundi mmoja wa majeneza alinililia nimpakie kibao kwa herufi nene, nami kwa udhaifu wangu nikakubali. Wafiwa wakawa wanaingia wakilia na kutoka wakibana cheko. Mmoja alinunua mawili. Nilikifuta mwenyewe.

Bango nitaliona. Soko liko miguuni kwangu. Nitavaa koti.

Mjomba wako,
Bingwa wa Herufi Nene na Daktari wa Vitovu


Tarehe 2 Mei

Kwa Bwana Mwenye Nyumba,

Salamu kwa heshima kubwa. Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya nne, chumba cha mbele. Barua hii inaletwa na Mama Vifungo, naomba usimwache amesimama.

Bwana, tangu jana mafundi walipofunga turubai la sabuni mbele ya jengo, chumba changu hakina mchana. Turubai limepita mbele ya dirisha langu lote, hatua moja kutoka kwenye nondo. Upepo ukija linavimba mpaka linanigusa pua. Upepo ukiondoka linapiga ukuta kama mtu anayedai kitu.

Wewe ulikuwepo siku niliyoletwa kwa machela, baada ya ile ngazi ya kazini kuniangusha. Unajua nyonga yangu haikuunga sawasawa, na kwamba tangu siku hiyo sijaweza kuzishuka ngazi za jengo hili. Kwangu mimi dirisha ndilo mlango. Ndipo nafanyia kazi, ndipo naota jua, ndipo nasalimiana na watu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, nami nimechutama mbele yako.

Siombi bango liondolewe. Naomba tundu tu, ukubwa wa sinia ya chai.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chumba cha mbele


Tarehe 3 Mei

Mpangaji,

Bango lina mkataba wa mwaka mzima na limelipiwa. Atakayeligusa kwa kisu, mkasi au moto, ahame siku hiyohiyo. Taa unayo na umeme haujakatwa. Wenzako wa nyuma hawana hata dirisha na hawaandiki barua.

Mwenye nyumba


Tarehe 6 Mei

Mpwa wangu Kidoti,

Nimeliona. Nilivaa lile koti la harusi ya mama yako, nikapaka viatu rangi, nikashuka taratibu kama mtu anayekwenda kupokea medali. Barabara ilikuwa imefurika. Nikauliza kuna nini, mtu mmoja akanijibu, mzee, hujui kusoma? Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyemfundisha huyo P kusimama. Walinibeba. Askari wa barabarani alisahau mikono hewani na magari yakapangana kama biskuti.

Sasa ukweli uliouomba. Zimetoka vizuri. Sikutegemea mashine ingeweza kushika ule mgongo wa P. V imekaa kama mtu aliyekunja miguu kwenye jamvi. Rangi ni nyekundu ya upole, kama iliyochovywa kwenye maziwa. Na yale mapovu matatu uliyoyaweka juu ya bega la kushoto la O ni ya kitoto, nimeyapenda. Najua ni ya mkono wako.

Lakini hiyo O, Kidoti. Imejaa mno. Ukikaa nayo karibu unaona kama inakusogelea. Asubuhi inaanza kuwaka polepole, mchana wote iko vilevile, haina juu wala chini, jioni inazimika. Upepo ukiipiga inavuta pumzi na haina pa kuitolea. Mtu anaweza kukaa akiitazama siku nzima na asione kitu kingine.

Kulikuwa na bwana mmoja pale aliyetaka kuitoboa. Alikuwa na kisu mkononi, kisu kizuri cha kukatia kadibodi. Amekwisha kunyoosha mkono. Halafu akazitazama zile kingo, jinsi zinavyonenepa pale ubavuni, akaushusha mkono. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtu hachomi kisu tumbo la mtoto wake. Sikumwelewa, watu wa mjini wana mambo yao.

Kazi ni nyingi sana. Nisamehe mistari ikipanda, naandika huku nimesimama.

Mjomba wako,
Bingwa, Daktari, na Mkuu wa Msafara


Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma kuna kitu kinanikwaruza.

Mapovu niliyaweka mimi, kwa mkono wangu, ni kweli. Lakini niliyaweka juu ya bega la kulia la O, upande wa V. Wewe umeyaona kushoto. Na nyekundu yetu ni ya pilipili, tulibishana na kampuni juu yake juma zima. Wewe umeiona ya maziwa.

Nikamwonyesha mkuu. Akasema kama ni hivyo mchapaji wa huko amechapa kinyume na kwa wino hafifu, na kwamba niandike barua ya kumshtaki ili kampuni imnyang'anye kazi. Nimeichelewesha kwa sababu namfahamu huyo mchapaji kwa simu, ni mtu makini, ana kigugumizi na hasemi neno asilokuwa na uhakika nalo. Naye ananiapia bango liko sawa.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulisimama wapi ulipolitazama?

Kidoti


Tarehe 29 Mei

Kidoti,

Usimshtaki mchapaji. Nakukataza, na hili nalisema kama mjomba, si kama mtu wa hadithi.

Ni jambo dogo. Nililitazama kupitia kioo cha kinyozi wakati ananinyoa. Kioo kinageuza. Herufi nilizigeuza tena kichwani bila kujitambua, maana nazijua kama meno yangu, lakini hayo mapovu ni wageni kwangu, nikayaacha yalivyokuwa. Na kioo cha kinyozi ni kichafu, kina sabuni, ndiyo hayo maziwa uliyoyasoma.

Umeridhika? Basi. Leo sina maneno mengi. Mwanga hapa nilipo si mzuri.

Mjomba wako, Bingwa


(Ndani ya bahasha hiyohiyo)

Binti yangu,

Mimi ni Mama Vifungo. Hatujaonana ila nakujua kwa habari zako, kila siku ni Kidoti hivi, Kidoti vile. Karatasi hii nimeitia kwenye bahasha ya mjomba wako nilipokuwa napeleka posta. Hajui.

Mjomba wako hajanyolewa na kinyozi mwaka huu. Ninamnyoa mimi kwa mkasi wa kitambaa. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa ghala, akavunjika nyonga, tena alituapisha wote tusikuambie kwa sababu ungeacha kazi uje. Hajashuka hapa tangu alipopandishwa. Alikuwa anakaa dirishani na alikuwa sawa tu, anapaka vibao, anapiga kelele na watu wa chini, wanamjibu. Kinyozi alikuwa anamwonyesha kila kichwa anachomaliza ili atoe maksi.

Bango lenu limefungwa mbele ya jengo hili. Yeye yuko nyuma ya O.

Sasa anapaka kwa taa. Mwezi huu alimpakia mwenye duka la dawa kibao cha kijani, kilipofika nje kikawa rangi ya matope. Mwenye duka alisema atakichukua tu, ila hajarudi, na wengine wameacha kuleta. Nilimpa mkasi wangu mkubwa akate tundu na mwenye nyumba aende zake, tungesema ni upepo. Aliufikisha kwenye turubai. Akaniambia Mama Vifungo, hizi nazitambua, na akanirudishia mkasi.

Haongei na watu wa chini tena. Anasema hawasikii. Mimi nipo chumba cha pili na ninamsikia anavyonyamaza.

Usimwambie kama nimesema. Aibu itamuua kabla ya nyonga.

Mama Vifungo


Tarehe 10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Habari ya kioo cha kinyozi nimeielewa. Mchapaji sijamshtaki.

Nina kazi kwako, na ni ya haraka. Mchapaji ameniandikia kwamba bango la POVU limeanza kuchanika pembeni. Halina pa kupitishia upepo, linajaa kama shavu. Kwa kawaida mabango makubwa hukatwa matundu madogo madogo yenye umbo la mdomo, popote fundi anapopenda. Nimemwambia Kiboko haikatwi hovyo. Kampuni inataka bango jipya kabla ya mwisho wa mwezi, nami nimesema litakuja likiwa na kitovu cha kweli kwenye O, kilichokatwa wazi, upepo upite hapo. Wewe ulisema tangu mwanzo herufi nene inapumulia kitovuni. Mchapaji alicheka kwa kigugumizi akasema huyo mzee ni mhandisi.

Nichoree hiyo O upya kwa mkono wako. Anza na kitovu, kama unavyoanza siku zote. Usikiweke katikati kwa mazoea tu. Fikiria kwamba kuna mtu ndani ya O amekaa kwenye kiti. Kiweke usawa wa macho yake. Ukubwa wake uamue wewe, ila usione haya ya kukifanya kikubwa.

Tuma moja kwa moja kwa mchapaji, si hapa ofisini. Njia ni fupi zaidi.

Kidoti


Tarehe 17 Juni

Kidoti,

O imeshakwenda kwa mchapaji. Nimeichora sakafuni, chini ya taa, nikiwa nimelala ubavu kama mfalme. Ni O bora kuliko zote nilizowahi kuchora, na nimechora O nyingi kuliko mbingu ilivyochora miezi.

Kitovu nimekiweka chini kidogo ya katikati, upande wa kulia kwa mtu aliyesimama barabarani.

Safari hii nimekumbuka kugeuza.

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Hiyo habari ya mtu kwenye kiti ni ya kitaalamu sana, sijui umeitoa wapi. Ulikuwa mtoto mjanja. Ulikuwa unaweka nukta juu ya i, halafu unashuka begani, unarudi nyuma mpaka upande wa pili wa barabara kuitazama kama mteja. Sikukufundisha hilo. Nilikuwa nakuona tu kutoka juu ya ngazi, kidogo kama punje, umefunga jicho moja.

Kinachonisumbua ni hiki. Huyo mkuu wako aliyeziba vitovu amekubali vipi kuvifungua? Mtu mkaidi halainiki kwa barua ya mchapaji. Usije ukawa umenunua kesi kwa ajili ya tundu.

Mjomba wako


Tarehe 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Bango limechapwa na limetoka. Mafundi watalifunga juma hili.

Umeuliza kuhusu mkuu. Hakukubali. Hakuulizwa. Mchoro ulikwenda bila muhuri wa chumba, na mchapaji aliupokea kwa dhamana yangu mimi, na chini yameandikwa majina kwa wino wa kawaida, langu na lako, yote mawili. Mkuu aliona picha ya bango jana. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Kampuni imelipenda, kwa hiyo hawezi kulirudisha, ila anaweza kunirudisha mimi.

Usiogope, bado nina kiti. Kiko ghorofa ileile, wamekigeuza tu kitazame ukuta. Kiboko nimenyang'anywa. Nimepewa herufi za maelezo ya dawa, zile ndogo zinazokunjwa ndani ya kisanduku, ambazo hakuna anayezisoma mpaka awe ameshaumwa. Karatasi niliyosaini inanishikilia kwa miaka mingine miwili. Nimejaribu kucheka juu yake na nusu nimeweza.

Niandikie litakapofungwa. Usiniambie habari za watu kukubeba. Niambie unachokiona.

Kidoti


Tarehe 8 Julai

Mpwa wangu,

Walikuja asubuhi, watatu, wakining'inia kwa kamba. Walipolishusha lile la zamani, jua liliingia kwa pupa nikafunga macho, na nilipoyafumbua lile jipya lilikuwa limeshapanda mpaka kiunoni mwa dirisha. Nilidhani nitaona mtaa mzima kidogo. Sikuwahi. Ikawa nyekundu tena, ya maziwa. Nilikaa kwenye kiti na sikumwita mtu.

Halafu kijana mmoja wa kamba akateremka mpaka usawa wangu, upande ule wa nje. Nikaona ncha ya kisu ikitokeza kwenye turubai, ikazunguka polepole, kwa adabu, ikifuata mstari niliouchora. Kipande kikatoka. Nyuma yake kulikuwa na uso wake. Aliruka nusura akate kamba. Aliuliza mzee unafanya nini humo. Nikamwambia ninaishi humu, mimi ndiye niliyelipaka hili jengo, akaondoka akiwaambia wenzake kuna mtu ndani ya O.

Habari imeenea. Sasa hivi wanasimama chini, wananyoosha vidole. Kinyozi aliinua kichwa cha mteja kwa masikio yote mawili ili nitoe maksi. Nilimpa sita. Mwenye duka la dawa ametuma kibao chake kirudi nikipake upya. Mwenye nyumba amepita, akatazama juu, na hakuna kisu cha kumshtaki mtu, kampuni imelitoboa bango lake yenyewe. Wanasema mimi ndiye mtu pekee duniani anayeishi ndani ya herufi yake. Hilo sikulitunga, wamelisema wao, muulize Mama Vifungo.

Umesema nikuambie ninachokiona. Haya. Sioni mtaa wote. Naona mduara, kama sinia ya chai. Ndani yake kuna mlango wa kinyozi, nusu ya duka la dawa, na kona ya lile godoro. Nikitaka kuona mtengeneza redio nainuka kidogo kwa mkono, nyonga ikiniruhusu. Ngazi bado siziwezi, Kidoti, na sijui kama nitaziweza. Upepo unapita kitovuni na turubai halipigi tena ukuta. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mimi ni chungu mnene.

Hizo herufi zako za dawa, zitazame vizuri. a ina kitovu, e ina kitovu, d ina kitovu, hata zikiwa ndogo kama vumbi. Zichore kuanzia ndani. Mgonjwa akikunjua ile karatasi, apate pa kupumulia. Hakuna atakayejua ni wewe, ila mimi nitajua, maana karatasi za vidonge vyangu ninazisoma zote siku hizi.

Siku utakayopata ruhusa kuja, usipande ngazi kwanza. Simama upande wa pili wa barabara, rudi nyuma kama ulivyokuwa unafanya, funga jicho moja. Nitakuwa hapa.

Leo alasiri mvua imenyesha. Nimeiona.

Mjomba